Kabla Ua Halijafunguka: Kudhibiti Mbawakawa Bila Kuua Nyuki



Ua la boga lina asubuhi moja tu. Hufunguka alfajiri, jua halijatoka vizuri, na ikifika saa tano au saa sita mchana limekwisha kujikunja, halifunguki tena. Katika saa hizo chache lazima chavua itoke kwenye ua dume ifike kwenye ua jike. Upepo hauiwezi kazi hiyo, kwani chavua ya boga ni nzito na inanata. Nyuki asipokuja asubuhi ile, kile kiboga kichanga kilicho chini ya ua jike, chenye ukubwa wa gololi, kitageuka manjano, kitanyauka na kudondoka baada ya siku chache.

Chungulia ndani ya ua hilohilo, asubuhi hiyohiyo. Huenda ukamkuta mgeni mwingine, mbawakawa mwenye rangi ya chungwa lililoiva, urefu wake haufiki sentimita moja, ametulia anatafuna petali. Wataalamu humwita Aulacophora. Adui na rafiki wako mahali pamoja, wakati mmoja, na mkulima mwenye bomba la dawa mgongoni hana namna ya kumpiga huyu akamwacha yule.

Ninalotaka kulisema leo ni kwamba mbawakawa apigwe vita kabla ua halijafunguka. Apigwe kwenye udongo, apigwe kwenye mche, apigwe katika baridi ya asubuhi akiwa bado mzito wa kuruka. Maua yakishaanza kufunguka, dawa ya kupuliza ibaki stoo.

Tuanze na hasara yenyewe, maana wengi huihesabu vibaya. Chukua tango lililopinda, nene upande mmoja na jembamba upande wa pili, ulipasue kwa urefu. Mara nyingi upande mnene utakuta mbegu zimejaa na kupangana vizuri. Upande mwembamba mbegu ni viganda vitupu, vyeupe, bapa. Pale chavua haikufika ya kutosha. Tunda hunenepa kufuata mbegu zake, na mbegu isiyochavushwa haiiti chakula upande wake. Kwa matango ya kienyeji na matikiti yetu ya shambani ndivyo ilivyo, ukiacha zile aina za banda ambazo zimezalishwa ziweze kuzaa bila kuchavushwa.

Sasa mkulima anaona matango yamepinda, viboga vichanga vinadondoka, na juu ya majani kuna wadudu wa rangi ya chungwa. Anaunganisha mambo hayo, anasema wadudu wananimaliza, anaongeza dawa. Dawa inaua mbawakawa wachache na nyuki wengi. Wiki inayofuata viboga vinadondoka zaidi, naye anaongeza tena. Nimekuta mashamba yaliyofika mahali ambapo mkulima anapiga dawa kila baada ya siku nne na havuni kitu, na bado anaamini tatizo ni dawa hafifu aliyouziwa.

Wapo kweli inzi wa matunda, nao hutoboa tunda changa na kutaga ndani. Lakini hao huacha ushahidi: kitundu kwenye ganda, na funza ukipasua. Kwa hiyo kabla ya kwenda duka la pembejeo, okota matunda yaliyodondoka, pasua kumi, tazama. Usipoona kitundu wala funza, tatizo lako huenda ni kukosa nyuki, na hakuna chupa dukani inayotibu hilo.

Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2007 ulipitia mazao 115 makuu ya chakula duniani, ukakuta 87 kati yake hunufaika kwa namna fulani na wadudu au wanyama wengine wanaochavusha. Mahindi, mpunga na ngano hazimo, hizo hujimudu kwa upepo au zenyewe. Ugali hauhitaji nyuki. Maboga, matango, matikiti, pasheni, alizeti ya mafuta ya kukaangia, yote haya yanamhitaji, mengine kidogo, mengine hayawezi kabisa bila yeye.

Tumfuate sasa mbawakawa mwenyewe, kwa sababu anayejua maisha yake anajua pa kumkamatia. Jike hutaga kwenye udongo wenye unyevu, karibu na shina. Mayai yakianguliwa, funza wake weupe hula mizizi, na hata upande wa tunda unaogusa ardhi. Humo humo udongoni hugeuka kuwa mdudu kamili, kisha hutoka na kupanda juu. Harufu na uchungu wa jamii ya maboga, ambao sisi huukimbia tukikutana na tango chungu, kwake ndio mwito wa chakula.

Angalia jani aliloanza kulila. Kabla ya kula hukata mfereji wa duara kwenye jani, taratibu, akizunguka. Duara likikamilika ndipo anaingia kula kilichomo ndani yake. Sababu yake ni ya ajabu: mmea wa jamii hii ukijeruhiwa hupeleka utomvu unaonata kwenye kidonda, na mdudu akikata duara kwanza anakuwa ameziba njia ya utomvu huo. Ndiyo maana majani hubaki na matundu ya mviringo kana kwamba yamekatwa kwa mkasi. Ukiyaona matundu hayo kwenye mmea mkubwa wenye majani mengi, usishtuke. Mmea uliokwisha kupata majani manne au matano halisi hukua haraka kuliko anavyokula mdudu, isipokuwa wakiwa wengi mno. Hatari kubwa ni mche wenye yale majani mawili ya kwanza ya mbegu. Wadudu wachache wanaweza kuumaliza kwa siku moja au mbili.

Hapa ndipo penye nafasi yetu. Wakati ambapo mbawakawa ana madhara makubwa kuliko wakati wowote, mmea hauna hata ua moja, kwa hiyo nyuki hana shughuli pale. Nguvu zote tuzimalizie katika wiki hizo tatu au nne za mwanzo.

Njia ya kwanza ni mikono. Amka mapema, saa kumi na mbili au saa kumi na mbili na nusu, umande ukiwa bado. Beba kopo lenye maji na povu la sabuni. Mbawakawa akiwa na baridi haruki mbali. Ukitega kopo chini ya jani na kuligusa jani, mara nyingi hujiachia mwenyewe akaangukia ndani. Jua likishapanda saa mbili, saa tatu, utakimbizana naye bure. Kwa bustani ya nyumbani na hata kwa robo ekari njia hii inatosha, hasa watoto wakisaidia kabla ya kwenda shule. Kwa ekari tano haitoshi, na sitawadanganya kwamba inatosha.

Ya pili ni kufunika. Neti ya kilimo iliyoegemezwa kwenye vijiti vilivyopindwa huzuia mbawakawa asifike kwenye mche kabisa, mradi kingo zake zimefukiwa kwa udongo na kitalu hakikulimwa maboga msimu uliopita. La sivyo wadudu watatoka ardhini na kujikuta wamefungiwa na chakula. Maua dume hutangulia maua jike kwa siku kadhaa. Ukiliona ua dume la kwanza, jiandae, na ua jike la kwanza likifunguka, neti iwe imekwisha kuondoka. Wapo waliosahau neti wakabaki na mimea mizuri ya kijani isiyozaa hata tunda. Na tafadhali, neti ya mbu iliyotiwa dawa ibaki kitandani kwa watu. Ina kiuadudu, na nyuki akitua juu yake hupata alichokusudiwa mbu.

Majivu ya jikoni nayo yana nafasi yake. Yapepetwe yawe laini, yanyunyizwe juu ya majani ya mche asubuhi yenye umande ili yashike, na yarudiwe mvua ikiyaosha. Mche ukianza kutoa vikonyo vya maua, acha. Vumbi lolote ndani ya ua, hata la majivu, humsumbua nyuki na kuharibu chavua.

Wengine hupanda mbegu chache za maboga kwenye kona ya shamba wiki mbili kabla ya zao lenyewe. Mbawakawa wenye njaa hukusanyika pale, na pale ndipo wanapokusanywa au kupigwa dawa, kisha mimea hiyo ing'olewe kabla haijatoa maua. Ni njia nzuri kwa shamba kubwa ambako mikono haitoshi.

Baada ya mavuno, ng'oa mashina, usiyaache yaoze kitaluni, na ugeuze udongo wa kitalu ili funza wa mbawakawa na wale walio katikati ya kujigeuza wapigwe na jua na kudonolewa na kuku. Lakini igeuze ardhi ya kitalu peke yake. Nyuki wengi wa Afrika Mashariki hawakai mizingani. Kila jike huchimba shimo lake kwenye ardhi tupu iliyoshindiliwa, kando ya njia, kwenye matuta ya mipaka, chini ya ua wa miti. Jembe au trekta linalolima mpaka ukingoni linawafukia na watoto wao. Mpaka wa mita moja usiolimwa, wenye majani na maua ya porini, haukupunguzii mavuno ya maana.

Nije kwenye dawa, kwa sababu najua wengi mtazitumia na wengine mna haki ya kuzitumia.

Dawa nyingi za bei nafuu madukani ni za jamii ya pairethroidi, kama vile sipamethrini na lamda-sihalothrini. Hizo huua kwa kugusa. Nyuki akipita juu ya jani ambalo dawa yake haijakauka amekwisha, akipuliziwa usoni ndiyo kabisa. Kundi la pili linanitia hofu zaidi: imidaklopridi, thiamethoksamu na ndugu zao, ambazo hunywewa na mmea. Zikipakwa kwenye mbegu au kumwagwa shinani, hupanda na utomvu mpaka kwenye majani, na kutoka hapo mpaka kwenye chavua na mbochi, yale maji matamu ya ua. Ushauri wote wa kupiga dawa jioni hausaidii hapo, kwa sababu sumu imo ndani ya ua lenyewe.

Na si lazima imuue nyuki papo hapo. Mwaka 2012 watafiti wa Ufaransa waliwabandika nyuki vidude vidogo vya kuwatambulisha, wakawalisha dozi ndogo ya thiamethoksamu isiyotosha kuwaua, wakawaachia mbali na mzinga. Wengi hawakurudi, walipotea njia. Mwaka 2017 wanasayansi wengine walipima sampuli 198 za asali kutoka kila bara linalokaliwa na watu, na katika asilimia 75 ya sampuli hizo walikuta angalau dawa moja ya kundi hili. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku mwaka 2018 matumizi ya tatu kati ya dawa hizo, imidaklopridi, klothianidini na thiamethoksamu, kwenye mashamba ya wazi. Huku kwetu bado zinauzwa rafuni, nami sioni ni kwa nini nyuki wa Tabora au Kitui astahili ulinzi mdogo kuliko nyuki wa Bordeaux, Ufaransa.

Kwa mazao ya jamii ya maboga, ombi langu ni kwamba dawa za kundi hilo zisitumike kabisa. Ikikulazimu kupuliza dawa nyingine, pulizia jioni, kuanzia saa kumi na mbili. Maua ya leo yamekwisha kufunga, ya kesho bado hayajafunguka, nyuki wamerudi kwenye makao yao, na dawa inapata usiku mzima wa kukauka. Lakini msiishike kanuni hii kwa kichwa kigumu. Mmumunye, ule mmea wa vibuyu, hufungua maua yake meupe jioni, na wachavushaji wake wakubwa ni nondo wa usiku. Kwenye shamba la vibuyu, saa ya jioni ndiyo saa ya hatari. Kila zao lina saa yake, na kazi ya afisa ugani ni kuijua.

Kuhusu dawa za asili, nitaanza na onyo. Pareto inayolimwa kwenye nyanda za juu za Nakuru na Mufindi ni zao la mmea, lakini humuua nyuki akiguswa nayo vilevile kama inavyomuua mbawakawa. Faida yake ni kwamba jua huivunja upesi, ndiyo maana ikipigwa jioni baada ya nyuki kurudi, madhara hupungua sana. Asiitumie mtu asubuhi kwa kujiambia kwamba ni ya asili.

Mwarobaini ni tofauti. Mwanasayansi wa Kijerumani, Heinrich Schmutterer, akiwa Sudan mwaka 1959, aliona nzige wakila kila mmea wa kijani isipokuwa miarobaini. Tangu hapo umechunguzwa sana, hata hapa kwetu na icipe, taasisi ya utafiti wa wadudu iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1970 na Profesa Thomas Odhiambo. Kiini chake hufanya kazi hasa kwa anayekula jani: humpunguzia hamu na kuvuruga kukua kwake. Nyuki hali majani, kwa hiyo hapati sehemu kubwa ya madhara hayo. Mbegu zilizopondwa zilale kwenye maji usiku kucha, maji yachujwe, yatiwe sabuni kidogo, yapulizwe jioni. Jua huidhoofisha dawa hii, hivyo irudiwe.

Mwaka 2015 watafiti, wakiwemo wa Taasisi ya Nelson Mandela ya Arusha, walichapisha majaribio ya maharage yaliyofanyika kaskazini mwa Tanzania. Walitumia mimea inayoota yenyewe kandokando ya mashamba: utupa, kishonanguo, alizeti mwitu na mingineyo, ikakaushwa, ikasagwa, ikalowekwa kwenye maji yenye sabuni kidogo. Mavuno yalishindana na yale ya dawa ya kiwandani, na wadudu rafiki walidhurika kidogo kuliko kwa dawa hiyo. Jambo hili linanipa moyo kuliko mengi niliyosoma, kwa sababu mama mwenye robo ekari anaweza kulifanya bila kukopa. Utupa tu usioshwe mtoni wala kumwagwa kwenye bwawa. Wazee waliutumia kulevyia samaki, na sumu hiyo haijabadilika.

Kuna jambo moja la jikoni nisiloweza kuliruka. Majani ya maboga ni mboga. Mtu anapuliza dawa asubuhi kwa ajili ya mbawakawa, na jioni bibi anachuma msusa kwenye shina hilohilo. Kila lebo ina siku za kusubiri kabla ya kuvuna, na siku hizo kwa majani yanayochumwa kila wiki haziwezekani. Kwenye kitalu cha msusa, dawa ya kiwandani isiingie.

Si kila mbawakawa ni mwizi. Yule mdogo wa mviringo, mwekundu, anayeng'aa, mwenye madoa meusi, hula vidukari mchana kutwa. Ana ndugu anayefanana naye anayekula majani ya biringanya na maboga. Huyo ukimtazama karibu hang'ai, ana vinyweleo vifupi kama vumbi mgongoni, na watoto wake ni wa manjano wenye miiba. Jifunzeni tofauti hiyo kabla ya kuua. Wale wenye mistari myeusi na myekundu au ya manjano, wanaokula maua ya kunde na bamia na kubabua ngozi wakipondwa, ni waharibifu wa wazi, lakini watoto wa wengi wao hukua udongoni kwa kula mayai ya panzi. Waokoteni kwa glavu pale walipozidi, msitafute kuwamaliza. Na kwa mchikichi, mchavushaji mkuu ni kifukusi mdogo wa Afrika. Mwaka 1981 alipelekwa Malaysia kutoka Kameruni, na mashamba ya huko yakaachana na kazi ya kuchavusha kwa mikono.

Wenzangu wa pwani wataniuliza kuhusu chonga wa mnazi. Huyo hazaliwi juu ya mnazi, huzaliwa kwenye vigogo vinavyooza na lundo la samadi. Vichomwe au vifukiwe, na aliyekwisha kuingia kileleni avutwe kwa waya wenye ndoano. Msimwage dawa kileleni: mnazi hutoa maua mwaka mzima, na nyuki wengi wa pwani wanaishi kwa maua hayo.

Biringanya ina habari yake. Chavua yake imefungiwa ndani ya vifuko, hutokea kwenye vitundu viwili vidogo kwenye ncha ya kila kifuko, na hutoka ua likitetemeshwa. Nyuki wa asali hajui kazi hiyo. Anayeijua ni yule nyuki mkubwa mweusi anayetoboa mbao na wenzake wa porini: hulikumbatia ua, hunguruma bila kupepea, chavua ikamwagika tumboni mwake. Uchunguzi uliofanyika Nguruman, kusini mwa Kenya, ulionyesha kwamba wachavushaji wa biringanya pale hutegemea sana pori lililo jirani na mashamba. Mkulima anayechoma kila gogo kavu na kufyeka kila kichaka anafukuza wafanyakazi wake. Magogo makavu mawili matatu yasiyo na chonga yaachwe yasimame ukingoni.

Lakini hata ukifanya yote haya, jirani yako anaweza kuyaharibu. Nyuki wa mzingani huenda kilomita mbili au tatu kutafuta chakula, na hajui mpaka wa shamba la nani. Kwa hiyo lazima yawepo makubaliano. Tanzania ina Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Kenya ina bodi yake. Kazi yao ni kusajili na kukagua. Tatizo kubwa ninaloliona liko chini zaidi: dawa inapimwa kwenye chupa tupu ya soda, bila lebo, na mnunuzi hajui jina lake, dozi yake, wala kama ni ile inayopanda na utomvu. Atakayeuza hivyo akataliwe na wanunuzi wenyewe. Uliza jina la kiambato, uliza kama mmea hukinywa, uliza inadumu siku ngapi kwenye jani. Muuzaji asiyejua majibu hayo hastahili fedha yako.

Na nchini Tanzania vijiji vina uwezo wa kutunga sheria ndogo. Iandikwe kwamba msimu wa maua hakuna kupuliza dawa kati ya saa kumi na moja alfajiri na saa kumi na mbili jioni, na kwamba anayetaka kupuliza amjulishe mfugaji nyuki aliye jirani siku moja kabla, ili afunge milango ya mizinga usiku ule na kuifungua baadaye. Penye vibuyu, saa zipangwe upya. Wafugaji nyuki nao walete kwenye kikao hicho ramani ya mizinga yao na kalenda ya maua, kwa maana wao ndio wanaojua ni lini mti gani unachanua, na bila kalenda hiyo sheria haitakuwa na tarehe ya kuanza.